"Risasi imekwama": somo la kutafsiri ukurasa wa hitilafu za mashini ya kushindilia kartushi

Katika zoezi la tafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili tulipewa ukurasa mmoja wa mwongozo wa Kimarekani. Ulikuwa ukurasa wa hitilafu na jinsi ya kuzirekebisha, ulioandikwa kwa watu wanaojitengenezea kartushi za bastola nyumbani kwa mashini ya mkono. Mstari mmoja ulikuwa mfupi kuliko yote, na karibu madaftari yote yaliuandika sawasawa: "Risasi imekwama." Hakuna aliyeona kosa. Kisha tukamwita mwenzetu ambaye hakuwa ameona matini ya Kiingereza, tukamsomea, tukamuuliza angefanya nini kama angekuwa ameshika bastola wakati huo. Akajibu bila kusita: angevuta sehemu ya juu ya bastola, risasi mbaya itoke, nzuri iingie, aendelee kupiga shabaha.

Matini ya asili ilikuwa inakataza jambo hilohilo. Ilikuwa inasema kwamba kipande cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Mtu akipiga tena juu yake, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwake. Mwenzetu hakukosea kusoma Kiswahili. Kiswahili tulichompa ndicho kilichomdanganya.

Makala haya yanafuata mstari huo mmoja na ile inayouzunguka. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba katika matini ya kutafuta hitilafu, neno huchaguliwa kwa kuangalia kitu kilivyo na kitendo ambacho msomaji atafanya baada ya kulisoma, na kamusi huja baadaye. Tunataka pia kuonyesha kwamba vitenzi vya Kiswahili vina uwezo ambao katika madaftari yetu tuliuacha umelala.

Tuseme mapema kwamba hatumshauri mtu yeyote kununua mashini hii. Marekani, sheria ya shirikisho humruhusu mtu binafsi kujitengenezea kartushi zake bila leseni, ila akitaka kuzitengeneza za kuuza lazima awe nayo. Ni mambo ya huko. Matini yenyewe ilitufaa kwa sababu ni fupi, haina mapambo, na kila neno lake linaweza kupimwa kwa matokeo.

Mashini na vituo vyake

Bila kuelewa mashini huwezi kutafsiri hitilafu zake, basi tuieleze kidogo.

Kartushi ya bastola ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe. Kuna fataki, kikombe kidogo cha madini kinachopachikwa kwenye kitako cha ganda, ambacho hulipuka kikigongwa. Kuna baruti ndani ya ganda. Na mdomoni mwa ganda kuna risasi yenyewe. Kartushi ikipigwa, risasi huenda zake, baruti huungua, fataki hufa, ganda hubaki. Ganda ndilo la gharama kubwa kuliko vingine vyote, kwa hiyo watu huliokota, hulisafisha na kulishindilia upya mara kadhaa.

Mashini rahisi hufanya kazi moja tu kwa kila mvuto wa mkono: unapitisha maganda mia moja kwenye kazi ya kwanza, halafu unabadilisha kalibu na kupitisha mia hayohayo kwenye kazi ya pili. Mashini ya matini yetu ni tofauti. Ina sahani ya duara inayobeba maganda manne, matano au zaidi kwa wakati mmoja, na juu ya kila ganda kuna kalibu yenye kazi yake. Kituo cha kwanza hulibana ganda lirudie upana wake na kusukuma nje fataki iliyokufa; mkono ukirudishwa, fataki mpya hupachikwa kutoka chini. Kituo kinachofuata hupanua mdomo wa ganda kidogo na kumimina baruti. Mbele yake risasi hupachikwa, na mwisho mdomo hubanwa. Sahani ikishajaa, kila mvuto hutoa kartushi moja iliyokamilika.

Kiingereza huiita mashini hii "progressive". Daftari moja liliandika "mashini ya maendeleo", tukacheka sana, kana kwamba ni mradi wa serikali. Jingine liliandika "mashini ya kuendelea", ambayo haichekeshi lakini haisemi kitu. Tukakubaliana juu ya "mashini ya vituo", kwa sababu vituo ndivyo anavyoviona mtu aliyesimama mbele yake.

Kuhusu kitendo chenyewe, mgogoro ulikuwa mkubwa zaidi. Wengi waliandika "kujaza risasi upya". Lakini msomaji wa Kiswahili akisikia "kujaza risasi" anaona magazini ya bunduki, haoni ganda tupu mezani. Kifaransa hakitusaidii hapa, maana "recharger" ina utata uleule. Bahati nzuri lugha yetu ina neno la zamani: kushindilia. Enzi za gobori mtu aliishindilia bunduki, yaani alisukuma baruti na risasi ndani ya mtutu kwa ufito. Leo tunashindilia udongo, tunashindilia pamba katika mto. Neno lina maana ya kubana na maana ya kuandaa silaha, na mashini hii hufanya yote mawili. Tukaandika "mashini ya kushindilia" bila majuto.

Kuna sifa moja ya mashini ya vituo ambayo mtafsiri lazima aibebe kichwani muda wote: kituo kimoja kikikataa, vyote vinasimama, na mkono wa mashini hausemi ni kipi kilichokataa. Unakuwa mgumu tu. Kwa hiyo mwongozo wowote mzuri hutaja mahali kwanza, kisha dalili, kisha sababu. Mtafsiri anayebadilisha mpangilio huo ili sentensi ipendeze anamnyang'anya msomaji taa.

Neno moja, vitu vitatu

Turudi kwenye risasi. Neno limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni madini ya risasi, yale mazito na laini yanayoyeyuka kwa moto mdogo. Katika Kiswahili maana hiyo ingali hai: bomba la risasi, betri ya risasi. Kisha neno likahamia kwenye kipande kinachoruka, kwa sababu kilitengenezwa kwa madini hayo. Kisha likahamia tena kwenye kitu kizima: mwanajeshi anayehesabu risasi zake anahesabu kartushi. Vitu vitatu katika neno moja, na mazungumzo ya kawaida hayaumii. Ukurasa wa hitilafu unaumia, maana ndani yake vitu hivyo vitatu vinakutana katika aya moja.

Si kosa la Kiswahili peke yake. Wamarekani wanaofanya kazi hii huyaita maganda yao kwa jina la madini pia, wanasema tu "shaba": nimeokota shaba, nimesafisha shaba. Msomaji wa Lubumbashi, ambako jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, anaweza kushangaa mtu akisema ameokota shaba uwanjani na kuiweka mfukoni. Lakini Kiingereza kina maneno mengine matatu tayari kwa siku ambayo usahihi unahitajika, na Kifaransa pia kinayo: "cartouche", "douille", "balle". Sisi inabidi tuchague.

Tulichagua hivi. Kitu kizima tumekiita kartushi. Neno hili Wakongo wengi wanalijua kupitia Kifaransa. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akalikunjia uso, na kwake tungeandika "risasi nzima". Lakini jarida hili linasomwa hapa. Ganda ni ganda, kila mtu analielewa, na vyombo vya habari vya Pwani huandika "maganda ya risasi" kila siku. Risasi tumeirudisha nyumbani: ni kile kipande kinachoruka, basi. Wale wanaosema "masasi" kama katika Lingala wanaweza kuendelea katika mazungumzo. Katika mwongozo hapana, kwa sababu neno hilo nalo hubeba kitu kizima na kipande.

Fataki ilileta ubishi. Kamusi za zamani zinaijua kama kile kidude cha kuwashia bunduki kinachogongwa kikalipuka, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Lakini kijana wa leo anasikia fashifashi za sikukuu, na Tanzania neno hilo ni pia jina la mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, jina lililoenezwa na kampeni ya redio. Wenzetu wawili walipendelea "amorse" kutoka Kifaransa. Tulibaki na fataki kwa sababu katika ukurasa wetu hakuna sikukuu wala mwanaume huyo, na muktadha unamlinda msomaji. Neno likiwa na maana nyingi zisizoweza kukutana katika sentensi moja, halina hatari. Risasi ilikuwa na hatari kwa sababu maana zake zote tatu zinaweza kukaa vizuri mbele ya "imekwama".

Kalibu ilikuja bila ubishi na ikatufurahisha. Kwa Kiswahili ni chombo cha kutolea umbo, kama kile cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Imetoka Kiarabu, na neno hilohilo la Kiarabu ndilo lililozaa "calibre" ya Kifaransa. Kwa hiyo anayesema kwamba kalibu inabana ganda la kaliba fulani anatumia neno moja mara mbili, mara ya kwanza limepitia Pwani, mara ya pili limepitia Ulaya.

"Haijaingia" na "haiingii"

Sasa hitilafu zenyewe. Ya kwanza hutokea kwenye fataki: unarudisha mkono, na fataki mpya haipachikiki. Sababu zake zinajulikana. Huenda fataki iliyokufa haikutoka yote na kikombe chake kimebaki tunduni. Huenda ganda ni la kijeshi, ambalo kiwandani tundu lake lilibanwa pembeni ili fataki isichomoke, na sasa ukingo huo unaizuia mpya. Kwa maganda ya .45 ACP kuna mtego mwingine: desturi yake ni fataki kubwa, ya upana wa milimita 5.33 hivi, lakini viwanda vingine vimetoa maganda ya kaliba hiyohiyo yenye tundu la fataki ndogo, ya milimita 4.45. Kwa nje yanafanana, na yakichanganyika ndooni, mashini inakwama ghafla huku mtu akidhani imeharibika. Huenda pia fataki imekaa chini juu.

Madaftari yalitoa tafsiri tatu za dalili hii: "fataki haikuingia", "fataki haijaingia", "fataki haiingii". Mwanzoni tulidhani ni suala la ladha. Siyo. "Haijaingia" inasema kwamba jambo bado liko njiani. Msomaji anayeambiwa hivyo anaongeza nguvu ili liishe. Na kuongeza nguvu juu ya fataki ndicho kitendo cha mwisho kinachotakiwa, maana fataki imetengenezwa ilipuke ikigandamizwa ghafla, na katika mashini nyingi kuna nyingine nyingi zimepangwa katika bomba karibu yake. "Haikuingia" inasimulia habari iliyokwisha, kama ripoti. "Haiingii" peke yake ndiyo inayosema kwamba kitu kinakataa, kwa hiyo mtu asimame na kuangalia. Kiambishi kimoja kinaamua mkono wa msomaji ufanye nini.

Tulimaliza aya hiyo hivi: "Fataki ikiwa haiingii, usisukume. Rudisha mkono polepole, toa ganda, angalia tundu la kitako chake." Kisha kipimo: fataki iliyopachikwa vizuri hukaa sawa na uso wa kitako au chini yake kidogo. Pitisha kidole, ukigusa kinundu, haijakaa. Hapo ndipo "haija-" ina haki yake, kwa sababu ganda limeshatoka kwenye mashini na kidole hakilipui kitu.

Tuongeze neno kuhusu masharti. Kiswahili tunachoongea Kongo hupenda "kama": "kama fataki haiingii". Vitabu vya sanifu hupenda -ki- na -sipo-. Hatukuona sababu ya kuwaona wasemaji wa "kama" kuwa wakosaji. Katika maelekezo "kama" hata ina faida, husikika mwanzoni kabisa na kumwandaa msomaji. Tulikataa mchanganyiko wa aina mbili ndani ya orodha moja tu, kwa sababu msomaji huanza kutafuta tofauti isiyokuwepo.

"Haikuzunguka" na "haikuzungushwa"

Hitilafu inayoogopwa kuliko zote iko kwenye kituo cha baruti, nayo ina sura mbili: ganda limepata baruti mara mbili, au halikupata kabisa. Sura ya kwanza hupandisha shinikizo ndani ya bastola kupita uwezo wake. Sura ya pili ndiyo inayozaa mstari wetu wa kwanza: fataki peke yake ina nguvu ya kuisukuma risasi itoke kwenye ganda na kuingia mtutuni, lakini haina nguvu ya kuitoa nje.

Je, hutokeaje? Hapa mashini hutofautiana. Dillon RL 550, kwa mfano, ina vituo vinne na sahani yake huzungushwa kwa kidole. Dillon XL 750 ina vitano na sahani huzunguka yenyewe mkono unapovutwa na kurudishwa. Kiingereza cha mwongozo kilikuwa na kitenzi kimoja kwa zote: sahani haikusogea kituo kinachofuata. Nusu ya darasa iliandika "haikuzunguka", nusu "haikuzungushwa", na tulikuwa karibu kupiga kura.

Lakini kitenzi cha Kiswahili kilikuwa kimeshagawa mashini mbili bila sisi kujua. "Haikuzungushwa" inataka mtendaji: kuna mtu aliyepaswa kuizungusha, na hakufanya. Labda aliitwa na mtoto, akarudi, akavuta mkono mara ya pili juu ya ganda lilelile. Dawa yake ni tabia: usiongee na mtu ukiwa kwenye mashini, na ukitoka, acha mkono katika hali ileile kila mara. "Haikuzunguka" haimtaji mtu: chombo ndicho kilichoshindwa, dawa yake ni kurekebisha kile kidole cha chuma kinachosukuma sahani, au kuondoa punje za baruti zilizoingia chini yake. Aliyechagua kitenzi bila kujua ni mashini ipi amempeleka msomaji kutafuta bisibisi wakati kosa ni lake mwenyewe, au kujilaumu wakati kosa ni la skrubu.

Hali ni hiyohiyo kwa baruti. "Haikumiminwa": ghala la baruti lilikuwa tupu na hakuna aliyelitazama, au mkono ulivutwa nusu tu. "Haikumiminika": ilikuwepo, mkono ulivutwa hadi mwisho, lakini punje pana zimeshikana juu ya tundu na kujenga daraja. Kiingereza kinaweza kueleza yote haya kwa maneno mengi. Sisi tunayo ndani ya kitenzi, na tulikuwa tunayaandika kwa bahati nasibu.

Katika aya hiyo tulifanya badiliko moja la mpangilio. Matini ya asili ilieleza sababu kwa sentensi tatu ndefu, ndipo ikaja amri. Tuliitanguliza amri:

"Mkono ukikwama katikati, simama. Usivute tena. Kwanza toa ganda lililo kwenye kituo cha baruti na umimine baruti yake kando. Ganda hilo lianze upya. Kisha ndipo utafute kilichokwama."

Mhadhiri wetu aliuliza kama mtafsiri ana ruhusa ya kufanya hivyo. Jibu letu ni kwamba mtu aliyeshika mkono wa mashini uliokwama hasomi aya. Anasoma maneno matano. Kisha tulirudisha maelezo yote chini yake, bila kupunguza, pamoja na ushauri wa kuweka taa juu ya sahani ili kila ganda lichunguliwe kabla ya risasi kuwekwa, na ule wa kuchagua baruti inayojaza ganda zaidi ya nusu, ili ikimiminwa mara mbili imwagike mezani na kujitangaza.

Kituo cha mwisho hakikutusumbua. Kilitupa hata raha kidogo. Kiingereza kina neno moja la msingi kwa kazi ya mdomo wa ganda, kisha huongeza sifa mbele yake. Sisi tuna vitenzi viwili tayari. Ganda la 9 mm hujipima ndani ya bastola kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo mdomo hubanwa tu hadi unyooke. Ukikunjwa, kipimo kinapotea. Ganda la .38 Special la bastola ya silinda hujipima kwa ukingo wa kitako, kwa hiyo mdomo wake unaweza kukunjwa kuelekea ndani. Kubana na kukunja. Ikibanwa pungufu, risasi hurudi ndani ya ganda inapogongwa, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Ikibanwa kupita kiasi, ganda hufura na haliingii chemba.

Vipimo na herufi mbili

Tulidhani namba haziitaji tafsiri. Mwongozo wa Kimarekani hupima baruti na risasi kwa kizio cha zamani kinachofupishwa "gr". Kizio hicho ni sawa na gramu 0.0648, yaani gramu moja ina 15.43. Tatizo ni kwamba sisi, tuliosoma kwa Kifaransa, tumezoea kuona "gr" ikiandikwa ovyo kwa gramu: sokoni, kwenye pakiti za sukari, hata kwenye vidonge. Madaftari manne yaliandika "risasi ya gramu 115". Risasi ya kawaida ya 9 mm ina "gr" 115, ambazo ni gramu 7.45. Gramu 115 ni uzito wa kiazi.

Kosa la risasi linachekesha na halidhuru, maana hakuna ganda linaloweza kubeba kiazi. Kosa la baruti nalo mara nyingi hujifichua, kwa sababu ganda la 9 mm likijazwa maji hadi mdomoni halifikishi hata gramu moja. Lakini mizani za kisasa za umeme zina kitufe cha kubadilisha kizio, na skrini huonyesha "g" au "gr" kwa herufi ndogo pembeni. Mtafsiri akiandika kizio kwa kifupi, anamwachia msomaji achague. Akiandika "chembe", kama wenzetu wawili walivyofanya kwa kufuata maana ya kawaida ya neno la Kiingereza, ni vibaya zaidi, maana baruti ina chembe za kweli, na mtu anaweza kukaa azihesabu. Tuliandika "greni", tukaieleza mara moja juu ya ukurasa, na tukapiga marufuku vifupisho.

Mstari wa kwanza tena

Tafsiri yetu ya mwisho ya mstari uliotushinda imekuwa ndefu kuliko matini ya asili, na hatukuona aibu:

"ACHA KUPIGA. Ukisikia mlio hafifu, au bastola isiporuka mkononi kama kawaida, risasi huenda imebaki ndani ya mtutu. Elekeza mtutu mahali salama, subiri nusu dakika, toa magazini, kisha toa kartushi au ganda lililomo. Hakikisha bastola haina kitu, ndipo upitishe ufito mtutuni. Usipopita, bastola isipigwe tena hadi fundi aitoe risasi hiyo."

Tulimsomea tena mwenzetu yule. Safari hii aliweka kalamu chini.

Zoezi lilipokwisha, mmoja wetu anayefanya ukalimani mahakamani alileta sentensi kutoka kazini, bila majina: "Asubuhi waliokota risasi tatu mbele ya nyumba." Alikuwa ameipeleka kwa Kifaransa kama "trois balles". Je, shahidi alimaanisha vipande vilivyoruka, maganda yaliyobaki, au kartushi ambazo hazijapigwa? Kama ni maganda, mpigaji alisimama karibu na mahali hapo. Kama ni vipande, nyumba ndiyo iliyolengwa. Kama ni kartushi nzima, huenda hakuna aliyepiga hapo kabisa. Mkalimani hana ruhusa ya kubuni, lakini anaweza kumwomba hakimu amruhusu kumuuliza shahidi: zilikuwa tupu au nzima, zilikuwa na mdomo wazi au ncha? Maswali hayo mawili sasa ameyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kazi.